Miaka Thelathini na Miwili ya Mama Advera kwenye Njia ya Misafara

Kabla sijaandika habari za Mama Advera, niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: gogo lililooza kwenye daraja la korongo la Kasisi nililiandaa mimi.

Mama Advera, msimamizi wetu wa ujenzi, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na miwili kwenye njia ya zamani ya misafara, porini kupita Kaliua. Amejenga madaraja ya miguu arobaini na moja kwa shoka, tezo, msumeno wa watu wawili, na sisi wa kujitolea tusiojua hata kushika mpini. Siku yangu ya kwanza aliniangalia nikipiga shoka, akauliza, "Mwanangu, huo mti unaukata au unaubembeleza?" Kambi nzima ilicheka. Mimi nilicheka kesho yake.

Sheria yake ni moja: gome libambuliwe lote, hasa upande wa chini, maana ndiko unyevu na mchwa hujificha. Mwaka juzi, jua likiwa kali, nilibambua juu na ubavuni tu, nikaharakisha gogo lilazwe asione.

Mvua zilipoisha gogo likavunjika. Akina mama wa upande wa pili wakakosa njia ya zahanati. Watu wakaanza: "Bibi huyu macho yameisha, kachagua mti mbovu." Mama Advera aliokota kipande chenye gome, akanitazama, akakitupa korongoni.

"Mti niliuchagua mimi," akasema. "Haya, nani ana shoka?"

Tulibeba gogo jipya mabegani kilomita sita. Siku ya tisa watu walivuka.

Yale maneno ndiyo hayakwisha. Hata rasimu ya habari zake niliyopewa niinakili kwa ajili ya sherehe ya kumuaga inasema anapumzika "kwa kuwa macho yake yamepungua." Jamani, macho hayo ndiyo yaliyoliona gome langu! Mstari huo nimeufuta. Kosa la Kasisi ni langu, Asnath, na Jumamosi lisomwe hivyo mbele ya wote.

Nasikia kandambili zake zinakuja mlangoni. Wiki nzima nimekuwa nikifunika ukurasa huu kwa daftari langu la Kiingereza asiuone. Sasa nimeliondoa.

Shikamoo, Mama Advera. Asante kwa kutufundisha kazi. Sote tunakuombea mapumziko ya raha huko nyumbani Usoke. Ila kabla hujaondoka, soma hii, nimesimama hapa hapa.