Wasifu wa Zdravka Kutsarova, Aliyetaka Kila Ukurasa Upatikane

Marehemu Zdravka Mincheva Kutsarova alizaliwa Perushtitsa, Jumatano tarehe 14 Februari 1968, sikukuu ya kupogolea mizabibu, siku ambayo wakulima hunywa mvinyo shambani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mincho Grozev, fundi wa matrekta wa ushirika wa mvinyo, na Bi. Tonka Grozeva. Mzee Mincho alipata habari akiwa shambani na wenzake, wote wameshalewa, akaingia wodini na mkasi wa kupogolea mkononi, na mkunga akamtimua akauache nje kwanza. Mzee alitangulia mwaka 2003. Bi. Tonka yupo hapa leo, ana miaka themanini na miwili, na anamzika mwanawe. Hilo peke yake linatosha kututia hasira, lakini tunayo sababu nyingine, na tutaifikia.

Alisoma shule ya msingi Perushtitsa, na mwaka 1982 akachaguliwa kuingia sekondari ya hisabati mjini Plovdiv. Shule hiyo ilipata kompyuta za Pravets, zilizoundwa humu humu nchini, pamoja na mwongozo mmoja wa kurudufiwa, na baadhi ya kurasa zake zilikuwa zimepotea huko njiani.

“Hapo pana pengo, Grozeva, paruke,” mwalimu alimwambia, akimwita kwa jina la ukoo wa baba yake.

“Niruke niangukie wapi, mwalimu?”

Darasa zima likaangua kicheko, naye akatolewa nje. Alichofanya ni kujaribu amri moja baada ya nyingine kwenye mashine, akaziandika kurasa zilizokosekana kwa mkono wake, na wanafunzi wa miaka iliyofuata wakazitumia. Kutoka hapo alijiunga na Chuo Kikuu cha Plovdiv kusomea hisabati na kompyuta, akahitimu mwaka 1991, mwaka ambao wahitimu walikuwa wengi kuliko kazi.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya maktaba, kupanga kadi za vitabu. Huko ndiko alikojifunza jambo lililomwongoza maisha yake yote: msomaji haji na jina la kitabu, anakuja na kile anachokikumbuka. Mtu anauliza kile chenye farasi kwenye jalada. Wenzake waliwacheka watu hao. Zdravka aliandika kadi mpya yenye neno “farasi” na kuiweka mahali pake. Alikaa maktabani miaka kumi, ikiwemo ile baridi ya mwaka 1997 ambapo mshahara ulikuwa unayeyuka kabla ya kufika sokoni, na familia iliishi kwa maharage na kabichi la chumvi.

Tarehe 11 Juni 1994 alifunga ndoa na Asen Kutsarov, fundi umeme wa reli, na mwaka 1996 wakajaliwa binti yao, Boryana. Asen hakuwahi kujua viungo vya jikoni kwa majina. Baada ya mwaka mmoja wa kuulizwa, Zdravka alibandika karatasi kwenye kila chupa, na kwenye ile ya chubritsa aliandika: “Chubritsa, yaani lile jani la supu ya maharage la mama yako.” Asen aliwaonyesha wageni wote akiwaambia, “Mke wangu ameniandikia mwongozo, mimi mjinga wake.” Karatasi hiyo ipo mpaka leo, na Asen ameomba isiguswe.

Mwaka 2001 aliajiriwa na kampuni inayotengeneza Hambar. Kwa wasioijua, Hambar ni hifadhidata, programu ya kutunzia kumbukumbu: nani kalipa maji, nani kalazwa wodi gani, shule ina watoto wangapi. Ofisi nyingi za miji midogo ya nchi hii zinaitegemea. Zdravka alipewa kazi ya mwongozo wake, kazi ambayo wahandisi waliitupia yeyote asiye na la kufanya. Alikuta nusu ya amri hazina maelezo kabisa, na nusu nyingine maelezo yameandikwa na watu waliokuwa wanazungumza peke yao.

Kila Jumatatu asubuhi alisoma maswali yaliyoandikwa na watu kwenye kisanduku cha kutafutia mwongozoni na kujibiwa kwamba hakuna kilichopatikana. Mwongozo ulisema “urejeshaji wa hali ya awali”. Watu waliandika “nimefuta kwa bahati mbaya nisaidieni”. Basi akayachukua maneno yao na kuyaingiza kwenye ukurasa, ili atakayeandika hivyo tena afike panapomhusu.

“Dada Zdravka, hayo si maneno ya kitaalamu,” mhandisi mmoja alilalamika.

“Mtu nyumba yake ikiungua hapigi kelele ‘mwako’, kaka. Anapiga kelele ‘moto’. Wewe unataka kumsaidia au unataka kumsahihisha?”

Ilimchukua zaidi ya miaka kumi. Kufikia mwaka 2015 kila amri ya Hambar ilikuwa na ukurasa wake, kila ukurasa ulikuwa na mfano, na kila mfano ulisema hatari yake. Ukurasa aliojivunia kuliko zote uliitwa “Yasiyorudi”. Ulitaja mambo yote ambayo ukishayafanya kwenye Hambar hakuna wa kukurudishia, si fundi, si kampuni, si Mungu. Alisema mwongozo unaosifia tu ni tangazo la biashara.

Sasa tunafika kwenye hasira yetu. Mwaka 2019 kampuni ilipata mkurugenzi mpya wa mauzo, Bwana Plamen Dochev, ambaye yupo miongoni mwetu, pale nyuma, na ameleta shada. Bwana Dochev aliona wateja wakitafuta habari za Hambar wanakutana kwanza na “Yasiyorudi”, akaona inaharibu soko. Hakuufuta ukurasa. Aliamuru, bila kumwambia Zdravka, uondolewe kwenye utafutaji. Ukabaki pale, na anayeijua anwani yake kwa moyo aliweza kuufungua, lakini anayeuhitaji asingeuona hata angetafuta mpaka macho yamtoke. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyeumbuliwa hakuwa yule aliyeficha.

Aliyeumbuliwa ni Yordanka Tileva, karani wa ofisi ya maji ya mji mdogo kule milimani Rodopi. Mwezi Mei mwaka 2021 mashine ya ofisi yake ilijaa, na Hambar ikampendekezea atoe amri ya kusafisha. Yordanka alikuwa mwangalifu. Akauliza mwongozo: kusafisha kunafuta nini? Akauliza tena: je, nakala za zamani zitabaki? Akajibiwa kwamba hakuna kilichopatikana. Kuuliza si ujinga, na yeye aliuliza. Akaitoa amri, na kumbukumbu za mita na malipo za mji mzima zikapotea pamoja na nakala zake. Watu waliokwisha kulipa walidaiwa upya. Walimfuata mpaka dukani na kumwita mwizi mbele ya mama yake. Alifukuzwa kazi, na kampuni ikaiandikia halmashauri sentensi moja: mtumiaji hakusoma mwongozo.

Jumatatu baada ya kumbukumbu kupotea, Zdravka alikuwa ameyakuta maswali yale, yenye jina la ofisi ya maji, kati ya yale yaliyokosa majibu. Aliyatambua mara moja, kwa sababu majibu yake aliyaandika yeye. Akapanda ngazi hadi kwa Bwana Dochev.

“Ukurasa upo, Bi. Kutsarova. Nani kasema haupo?”

“Upo kama maiti alivyo kaburini. Nenda kamuulize saa.”

“Usikuze mambo.”

“Urudishe kwenye utafutaji leo, na muandikie yule mama kwamba aliuliza akanyimwa jibu.”

“Tukiurudisha leo, tutakuwa tumekiri.”

“Ndiyo, mwanangu! Hiyo ndiyo maana ya kuurudisha!”

Haukurudishwa. Zdravka alisafiri kwa basi mpaka kwa Yordanka, akamweleza ukweli, kisha akaiandikia halmashauri barua kwa jina lake kamili. Halmashauri ilijibu kwamba inasikiliza kampuni, si mfanyakazi. Mwezi Februari mwaka 2022 kampuni ilimwondoa, ikisema kazi ya mwongozo sasa itafanywa na mashine. Miaka ishirini na moja, na hata wenzake aliowafundisha kuandika waliinamisha vichwa alipopita. Wawili kati yao wapo hapa wanalia. Nasi tunawauliza, mlikuwa wapi?

Machi 2023 Zdravka aligundulika ana saratani ya kongosho. Hatusemi kwamba kazi ndiyo iliyomuua. Hatuna uthibitisho, na yeye mwenyewe angetukemea kwa kuandika tusichokijua. Alitibiwa Plovdiv, na madaktari na wauguzi walimtendea wema ambao hatutausahau. Katikati ya maumivu alikuwa akisoma karatasi za dawa na kugomba: “Kila kitu kimo, na hakuna anachoweza kukiona mtu mgonjwa. Haya maandishi wanamwandikia sisimizi?” Boryana alikaa kando ya kitanda chake akimsomea kwa sauti. Yordanka alimtembelea kila mwezi akiwa na asali ya nyumbani kwao, na wiki za mwisho Zdravka alikuwa na swali moja tu kila alipoamka: “Umeangalia? Ukurasa umerudi?” Boryana aliangalia kwenye simu, kila siku, na kila siku alilazimika kumwambia mama yake bado. Alifariki dunia Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, na siku hiyo pia ukurasa haukuwa umerudi.

Jana Bwana Dochev alifika nyumbani, Bi. Tonka akiwa jikoni anachemsha ngano ya leo, ile inayoliwa mazishini kumkumbuka marehemu. Tunaandika yaliyosemwa kama yalivyosemwa.

“Poleni sana, mama. Kampuni ingependa kugharamia jiwe la kaburi. Ila nimesikia kuna habari ya ukurasa kwenye wasifu. Pengine si mahali pake.”

“Kijana, umekuja kuzika au umekuja kukagua?”

“Nafikiria heshima ya marehemu tu, mama.”

“Heshima ya marehemu mnayo ninyi, kwenye mashine zenu. Mmeifungia. Kaifungue, halafu uje tule ngano.”

Bwana Dochev aliaga. Tulipoangalia asubuhi hii kabla ya kuja makaburini, hakuna kilichopatikana.

Kwa hiyo familia imeamua. Tangazo la kifo cha Zdravka limebandikwa mlangoni pa nyumba yake, kwenye kituo cha basi, kwenye nguzo za mtaa na kwenye lango la kanisa, kama ilivyo desturi. Limebandikwa pia kwenye mlango wa vioo wa kampuni, kwa kuwa desturi inaruhusu mahali pa kazi. Chini ya picha yake, mahali ambapo wengine huweka shairi, tumechapa ukurasa wa “Yasiyorudi”, wote, kwa herufi kubwa. Unaanza hivi: “Ukiisafisha Hambar, nakala zote za zamani zinafutwa na hakuna atakayezirudisha. Kama umekuja hapa kabla ya kusafisha, umefanya vyema. Usibonyeze chochote. Kwanza toa nakala, uiweke kwenye mashine nyingine.”

Mlinzi wa kampuni aliling'oa jana mchana. Boryana akabandika lingine. Tangazo la kifo hurudiwa siku ya arobaini, hurudiwa baada ya miezi sita, baada ya mwaka, na kila mwaka baada ya hapo kwa kadiri wafiwa watakavyo. Sisi tutataka. Yeyote anayeitumia Hambar kazini popote nchini aombe nakala kwa Asen, naye abandike ofisini kwake.

Marehemu ameacha mama yake, Bi. Tonka Grozeva, mume wake, Asen, binti yake, Boryana, mdogo wake, Lyuben Grozev, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu na sauti inamtetemeka kwa hasira, si kwa baridi, na Yordanka Tileva, anayesimama leo katika mstari wa wafiwa pamoja nasi. Mtakapopita kutoa pole, mpeni naye mkono, na mmwambie mbele ya Bwana Dochev kwamba mnajua aliuliza.

Zdravka apumzike kwa amani. Sisi tuna mlango wa vioo wa kurudia siku ya arobaini.