Lempi Härkönen na Kibandiko cha Mwaka 1978

Marehemu Lempi Härkönen alikuwa na sharti moja: ukichuma mmea, andika mahali pake palepale ulipo, kabla hujanyanyua mguu. Alilivunja mara moja tu, na familia haitaficha ni nani waliomfikisha hapo.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 kijijini Karhuvaara, kaskazini mwa Ufini, mtoto wa pili wa mkata magogo. Alihitimu ualimu mwaka 1954, akafundisha shule ya kijiji miaka thelathini na saba. Mpwa wake Raili, anayesoma wasifu huu, aliwahi kuandika kwenye kibandiko cha sampuli yake ya mmea: "Karibu na ng'ombe." Mwalimu akamtazama. "Na ng'ombe huyo, binti yangu, atasimama hapo mpaka lini?"

Mwaka 1957 aliolewa na Urho, tarishi wa posta, aliyemtangulia 1990. Hawakujaliwa watoto.

Tarehe 14 Agosti 1978, katika msitu wa misonobari nyuma ya kinamasi, aliona na kuchuma lieko ya aina adimu, mmea unaotambaa ardhini kama kamba ya kijani. Miaka hiyo wanakijiji walizoa lieko kwa magunia, wakasuka mashada ya Krismasi na ya mazishi ya kuuza mjini. Alipomkemea jirani yake Eino, alijibiwa, "Acha hizo, mwalimu. Zitaota tena."

"Zitaota," alisema, "wewe na mimi tukiwa tumeshakuwa mbolea."

Alijua gazeti la mkoa hunakili orodha za hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya chuo kikuu, alikopeleka sampuli zake. Kwa hiyo kibandiko cha sampuli hiyo alikiandika "Karhuvaara, msituni", basi, ili wang'oaji wasiifuate.

Machi 2006 kampuni ya mbao iliomba kuukata msitu huo. Theluji ilifika kiunoni, hakuna mmea ulioonekana. Ushahidi wa mmea adimu ambao ungezuia ukataji ulikuwa sampuli ile tu. Raili alimpeleka shangazi yake kwa ofisa wa misitu.

"Msitu upi, mwalimu? Huku kote ni msitu."

"Nimeandika mimi. Najua niliposimama."

"Wewe unajua. Karatasi haijui."

"Basi ngojeni Juni, niwaonyeshe kwa kidole."

"Juni kinamasi kitakuwa tope. Mashine hazipiti."

Walikata wiki hiyohiyo.

Kiangazi kile moyo wake ulianza kushindwa. Wodini hakuulalamikia moyo, alikilalamikia kibandiko. Alifariki tarehe 2 Novemba 2006, saa nne asubuhi.

Wang'oaji wa miaka ile wamekaa humu kanisani leo, na baadhi yao wamekuja na mashada ya lieko. Familia imeyaacha nje ya mlango. Hayataingia.

Ameacha dada yake Helvi, wapwa Raili na Tauno, na wanafunzi wasiopungua mia nne. Udongo wa kwao umpokee kwa utulivu.

Msitu uliokatwa ulikuwa hekta thelathini na nane. Agosti iliyopita Raili aliutembea wote kwa siku tatu. Lieko ile haipo.