Maman Fabien na Mtoto wa Kifuani

Ndugu wa ukoo, majirani wa Kamembe, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Bukavu, poleni kwa msiba. Mimi naitwa Adrien, mume wa Christelle, mkwe wa marehemu, na kabla sijasoma wasifu huu naomba mnisamehe kusimama mbele yenu nimefunga koti hadi shingoni na mkono mmoja kifuani, maana humu ndani, ngozi kwa ngozi, nimembeba mwanangu Ganza, ana kilo moja na gramu mia tisa, na ninaogopa. Ilipasa asome Fabien, mtoto wa kwanza wa marehemu, lakini yuko Mombasa kazini, hakupata njia ya kufika, anatusikiliza kwa simu.

Marehemu Patricie Bashige, ambaye sote tulimwita Maman Fabien, alizaliwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa pili wa mzee Muderhwa, akafuatwa na mdogo wake Antoinette, huyu aliyeketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi hukohuko Kadutu kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, akaanza sekondari, akaiacha mwaka 1989 baba yake alipougua, na hadi mwisho alijisifu kwamba mwandiko wake unaushinda wa padri.

Mwaka 1992 alianza kazi ya kulea vifaranga, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitatu, akipokea vifaranga vya siku moja, akivitunza katika chumba chenye jiko la makaa, na vikishakuwa kuku akivipeleka sokoni pande zote mbili za mpaka. Ndiye aliyenifundisha, mimi fundi cherehani nisiyejua kitu, kwamba kifaranga kikipata baridi hakikui hata ukimwagie gunia zima la chakula, kwa sababu kila kinachokula mwili unakichoma kutafuta joto, hakibaki kitu cha kuota nyama wala manyoya.

Alifunga ndoa kanisani Cyangugu tarehe 8 Julai 2000 na Néhémie Mbarushimana, dereva wa lori la simenti huko Muganza, wakajaliwa watoto wawili, Fabien mwaka 2001 na Christelle mwaka 2003, naye Néhémie alituacha tarehe 19 Februari 2014. Marehemu hakuolewa tena, akisema mwanamume mmoja mwenye kukoroma alimtosha. Ameacha watoto hao wawili na mjukuu mmoja.

Ganza alizaliwa hospitalini Jumamosi tarehe 4 Oktoba mwaka huu wa 2025, wa miezi saba tu, gramu elfu moja mia mbili na hamsini, mama yake alipasuliwa, kidonda kikaingia usaha, na hadi leo Christelle yuko kitandani kule. Muuguzi Umuhoza alituketisha akatueleza kwamba mtoto wa namna hii hana mafuta chini ya ngozi, hawezi hata kutetemeka kama sisi baridi ikituingia, asipopata joto la mtu atayachoma maziwa yote kujipasha, atakonda, atazimika, kwa hiyo lazima akae kifuani mwa mtu mchana na usiku, na kazi hiyo inataka vifua viwili, mmoja akichoka mwingine apokee.

Sasa adabu yetu mnaijua, mkwe na mama mkwe hawagusani, wakikutana njiani mmoja anapisha, nami ningempokeaje mtoto kutoka kifuani kwa Maman Fabien, yeye kifua wazi, mimi kifua wazi? Niliona haya, naye aliona haya. Akaniambia akiwa ametazama ukuta, “Mukwe wangu, wewe uende ku kazi, mutoto uniachiye mimi.” Nikaenda, tena nikashukuru, na siku thelathini na saba alimbeba peke yake, akilala ameegemea ukuta, na katikati ya siku hizo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba, tukaruhusiwa kurudi nyumbani na kilo moja na gramu mia sita.

Jumatano tarehe 5 Novemba homa ilimshika, na hakusema, ila kwa jirani yetu Maman Chloé alinong'ona, “Homa hii ni ya Mungu, mutoto anapata moto mingi,” akakataa dawa, akiogopa zitamshusha joto. Jamani! Ijumaa tarehe 7 tulirudi kupima, Ganza alikuwa na kilo moja na gramu mia nane na ishirini, kipimo cha joto kikasoma thelathini na saba nukta tisa, Umuhoza akauliza kama mtoto amefunikwa kupita kiasi, akamuuliza na Maman hali yake, naye akajibu, “Niko muzima.” Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeyaona macho yake mekundu, nimeiona midomo yake ilivyokauka, nikanyamaza, kwa sababu mizani ilikuwa imepanda na nilitaka iendelee kupanda. Ninalisema mbele ya jeneza lake, nilinyamaza.

Jumapili alianza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, Maman Chloé akamtoa mtoto kifuani kwake akaniletea, Jumatatu ikaonekana ni malaria iliyokwisha kupanda kichwani, na Jumanne tarehe 11 Novemba, saa tisa alasiri, alikata roho akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Tangu Jumapili ninabeba peke yangu, mwili wangu mnauona, ni mifupa tu, nikisinzia ninashtuka kutafuta kama anapumua, na asubuhi hii kipimo kilisoma thelathini na sita nukta mbili, wakati Umuhoza alituonya kwamba chini ya thelathini na sita na nusu ni hatari. Mguu wake nimeushika sasa hivi, ni wa baridi, na mvua mnaiona inakuja kutoka ziwani.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, ninamshukuru Maman Chloé, ninamshukuru seremala Ridhwani na mafundi wenzake wa Kamembe waliochonga jeneza hili kwa siku moja, na majirani mnaompelekea Christelle chakula na kuniletea maziwa yake kwa ajili ya mtoto, Mungu awarudishie.

Mimi sitaandamana nanyi makaburini, mnisamehe. Mama Antoinette, wewe ni mdogo wa marehemu, kwa hiyo ni mama mkwe wangu vilevile, na tangu ufike jana tumesalimiana kwa kupeana mgongo, kama ilivyo adabu. Wazee wako hapa, washuhudie, anayetaka kucheka acheke, jiko linawaka ndani, ninakuomba uingie ufungue kitenge, nami nitafungua koti, umpokee mtoto, na ukichoka nitampokea mimi.

Maman Fabien, ulifanya kazi ya watu wawili, pumzika sasa kwa utulivu. Mama Antoinette, usigeuze uso, ninakuja.