Sista Immaculate Anastaafu, Chumba cha Kangaruu Kinabaki

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Sista Immaculate Wanyonyi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, mingi kati yake akiwa hapa kwetu, Hospitali ya Mama na Mtoto ya Enkishui, Kitengela. Wasimamizi walituomba tumwandikie maneno ya upole. Tumejaribu. Atakayeona upole umepungua mahali fulani ajue kwamba aliyetufundisha kazi hii hakuwa mpole hata kidogo.

Alitoka Bungoma akiwa msichana mwembamba mwenye sauti kubwa. Wembamba ulimwacha, sauti ikabaki. Alianzia zahanati ndogo ya Matasia, wakati ambapo mama mwenye uchungu aliletwa kwa mkokoteni wa punda, akahamia Ngong, kisha akaja kwetu kusimamia wodi ya wazazi. Wenzake wanamwita Sista Imma. Akina mama wa Kimaasai wanamwita Yeyo, yaani mama, hata wale waliomzidi umri, naye huitika bila kuuliza.

Kliniki yake ya wajawazito ilikuwa na sheria moja iliyowatoa wanaume jasho: baba akija, lazima aliamkie tumbo. Mtoto anasikia kabla hajazaliwa, alisema, na atakapotoka atatafuta sauti anazozijua. Ndung'u, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliliamkia tumbo la mkewe Gathoni kama anayeomba mkopo benki, akajitambulisha kwa majina yake yote. Mtoto akapiga teke. Ndung'u alishtuka, kisha akalia mbele ya foleni nzima. Siku hizi wamefika mimba ya tatu, naye huongea na tumbo mpaka Gathoni anamwomba anyamaze.

Lakini kazi yake kubwa ni chumba cha kangaruu. Kilikuwa stoo ya vitanda vilivyovunjika, akavitoa nje mwenyewe, akaweka viti vya kuegemea na pazia. Humo mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hufungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyombeba mwanawe mfukoni, mpaka apate nguvu. Joto lake ni la kifua, na mapigo ya moyo anayoyasikia ni yale yale aliyoyazoea tumboni. Kina madirisha mazuri yanayoelekea mashariki, na hayo ndiyo yaliyokuja kukiletea matatizo, kama mtakavyoona.

Miaka minane iliyopita Nashipae alijifungua mtoto wa kike ambaye hakufikia uzito wa pakiti ya unga. Mama mwenyewe alizidiwa, akakimbizwa Nairobi kulazwa. Mtoto, Seleyian, akabaki bila kifua. Sista Imma alimtazama baba, Parsaoti, mfanyabiashara wa ng'ombe, mrefu kama mlango, akamwambia afungue shuka. Akamfunga mtoto kifuani, akamwagiza asimtoe kwa sababu yoyote, hata akienda kula. Kwamba asitoke nje ya hospitali, hilo alisahau kumwambia.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko la mifugo. Parsaoti alipita langoni akiwa amejifunika shuka lake vizuri, na mlinzi Mwanzia akamuaga kwa heshima. Wodi ilipogundua mtoto hayupo, kilio kilisikika hospitali nzima. Sista Imma alivuka barabara akikimbia na malapa, akaingia sokoni, akakuta jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona Kitengela: madalali wa ng'ombe wakibishana bei kwa kunong'ona. Parsaoti alikuwa amewaambia mtoto amelala. Alipoulizwa anafanya nini pale, alishangaa kweli. "Si wewe ulisema nisimtoe? Niko na yeye hapa. Hata sijakohoa." Seleyian alikuwa na joto zuri na usingizi mzito. Parsaoti aligombezwa kutoka sokoni hadi wodini, na mwishowe akaambiwa kwamba ni baba wa maana.

Uongozi wa wakati huo ulipiga marufuku wanaume katika chumba kile. Asubuhi iliyofuata Sista Imma alimwingiza Parsaoti mwenyewe, akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Aliwaambia wanaweza kumsimamisha kazi, lakini waje na kifua kingine, kwa maana mtoto hajui cheo cha mtu, anajua ngozi. Hakuna aliyevua shati. Wanaume wakabaki.

Nashipae aliporudi, wiki nyingi baadaye, aliogopa kumgusa mwanawe. Alidhani amekuwa mgeni kwake. Sista Imma alimzuia asimchukue kwanza. Alimwambia aongee tu, kama alivyokuwa akiongea akiwa na mimba. Nashipae akamwita kwa Kimaa, kwa sauti iliyokatikakatika. Seleyian, kifuani kwa baba yake, akageuza kichwa kidogo kile kuelekea sauti. Tuliokuwepo hatujasahau, na hatutaki kusahau. Leo yuko Gredi ya Pili, na ndiye atakayempa Sista Imma maua.

Sasa tuseme lile ambalo kila mtu analijua. Mwezi uliopita msimamizi wetu, Bwana Mugo, alitangaza kwamba Sista Imma akiondoka, chumba cha kangaruu kitakuwa wodi ya kibinafsi, kwa ajili ya madirisha yale. Watoto watapangiwa mahali pengine, hakusema wapi. Tumeelewa kwamba kilichongojewa ni yule mama wa mlangoni aende. Tunasikitika kuwaambia kwamba alitufundisha sote kusimama vile. Muuguzi mwenzetu Jentrix anasimama vizuri sana. Hata Mwanzia wa langoni siku hizi anajua kusimama hivyo.

Sista Imma, asante kwa ukali wako, na kwa kila mtoto uliyekataa kumwacha peke yake ndani ya mashine ya joto. Nenda ukapumzike Bungoma, ulime mahindi yako, uyagombeze yakichelewa kukua. Tunakutakia afya, usingizi usiokatizwa na simu ya wodi, na siku njema zisizohesabika. Tutakukosa mpaka tuone aibu.

Sherehe, kama mlivyokwisha kusikia, haitafanyika ukumbini. Itafanyika ndani ya chumba cha kangaruu, na baada ya keki hatutarajii kutoka. Parsaoti amekwisha chagua kiti chake. Bwana Mugo amealikwa kusema machache, na anakaribishwa kwa moyo mmoja. Tunamwomba tu atumie sauti waliyoitumia madalali sokoni siku ile, kwa sababu wenye chumba watakuwa wamelala.

Lorna Obura, kwa niaba ya wauguzi wa wodi ya wazazi