Mzee Waitara na Merikebu ya Makasia Mia na Sabini

Mzee Nikodemo Waitara, fundi seremala wa shule yetu, anastaafu leo, Jumatano tarehe 31 Desemba 1958, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Aliingia kazini tarehe 2 Januari 1928 akitokea kwao Susuni, akiwa na randa moja, msumeno mmoja na baiskeli isiyo na breki. Baiskeli ilikufa mwaka uleule. Randa bado anayo, na ole wako uiguse.

Hakuna kati yetu ambaye hajakalia kazi ya mikono yake. Madawati, mabenchi ya kanisani, milango, hata meza ninayoandikia maneno haya, vyote ni vyake. Ni kweli pia kwamba mwaka 1938 alimtengenezea Mwalimu Mkuu kabati la nguo lililokuwa pana kuliko mlango wa karakana. Walimu wakuu watatu wameshahama bila kulipata. Mzee mwenyewe husema kosa ni la mlango.

Mwaka 1942 alikwenda Misri na jeshi, kama seremala. Wenzake walirudi na saa, makoti na hadithi za mizinga. Yeye alirudi na karatasi moja. Huko Aleksandria aliingia katika nyumba inayohifadhi vitu vya kale, akakuta mfano wa merikebu ya vita ya Wayunani, ya safu tatu za makasia, yenye mdomo wa shaba mbele wa kutobolea merikebu za adui. Aliduwaa pale mpaka mlinzi akamtoa nje kwa kumshika mkono. Alikuwa ameshaichora nyuma ya barua ya nyumbani.

Merikebu yake ya kwanza, ya mwaka 1947, tuseme ukweli, ilifanana na hori la kunyweshea ng'ombe. Mama Felista, mpishi mkuu wetu, aliikuta ikikauka nje ya karakana, akaichukua akaitumia kuwekea maharage. Mzee alimfuata jikoni kwa hasira, akamweleza kwa saa nzima habari za Wayunani na Waajemi walivyopigana baharini kule Salamisi, Wayunani wakashinda. Mama Felista alisikiliza akipepeta mchele, kisha akauliza swali moja tu, kama Waajemi walikuwa na merikebu nyingi zaidi. Alipojibiwa ndiyo, akasema basi yeye ni Mwajemi.

Hivyo ndivyo vita vya Jumamosi vilivyoanza. Mzee alitengeneza merikebu ishirini na sita, kila moja ndefu kama mkono, zikawekwa katika lile kabati lisilopita mlangoni. Sakafu ya karakana ilikuwa bahari, pwani na miamba ikachorwa kwa chaki. Mwendo ulipimwa kwa shibiri. Kila merikebu ilibeba punje kumi za maharage, ndizo nguvu za wapiga makasia. Ukienda mbio unatoa punje, zikiisha unaelea tu. Ukimpiga mwenzako ubavuni kwa mdomo wa shaba, amezama. Hapa kwetu sheria hiyo haikuhitaji maelezo, kila mtu amekua akitazama mafahali wakipigana. Watumishi walijaa madirishani wakipiga kelele, na Bwana Dereva alipoteza sauti mara mbili.

Kwa miaka kumi na moja Mzee hakushinda hata mara moja. Msinicheke, hesabu ninayo. Mama Felista amezoea kulisha watoto mia mbili kwa sufuria tatu, kwa hiyo kupanga merikebu kumi na tatu kwake ni mapumziko. Mwaka 1955 mwalimu wa historia alilia machozi: wanafunzi kumi na wawili waliandika katika mtihani kwamba Waajemi walishinda Salamisi, na walipoulizwa wakasema walishuhudia kwa macho yao.

Fahari ya Mzee ni merikebu iitwayo Boke, jina la marehemu mama yake. Ina makasia mia na sabini ya mianzi, kila moja limechongwa kwa kisu, na imemchukua miaka mitatu. Yeye na Mama Felista walikubaliana zamani kwamba atakayeshinda vita vya mwisho ndiye atakayeichukua Boke. Vita hivyo vilipangwa Jumamosi tarehe 6 mwezi huu.

Lakini mwezi Oktoba Benedicto, mtoto wa Mzee, alimwoa Felista, binti wa mpishi wetu. Ng'ombe walishatoka, sherehe tumekula. Ndipo wazee wa pande zote mbili walipokumbuka jambo. Wakwe wanaheshimiana. Haifai wakaketi kukodoleana macho wakipigana, hata kama ni kwa vijimti. Wako waliosema, na mimi ni mmoja wao, kwamba Mzee aliharakisha ndoa hiyo makusudi ili asipigwe tena.

Tukapata dawa. Blanketi lilitundikwa katikati ya karakana, likaachwa na nafasi chini, ili kila mmoja aone bahari bila kuona uso wa mkwewe. Amri zingenong'onwa kwa mtu wa katikati, naye ndiye angesogeza merikebu. Mtu huyo nilikuwa mimi, karani wenu.

Sasa sikilizeni, maana nimelibeba jambo hili wiki tatu na limenikaba.

Amri ya kwanza ya Mzee ilikuwa kuigeuza Boke itoe ubavu. Nilidhani ni mbinu. Nikaenda upande wa pili, Mama Felista akaniambia nirudishe merikebu zake zote nyuma na nitoe punje tano tano. Jamani! Nilizunguka lile blanketi mara arobaini. Huyu anatoa ubavu, yule anakimbia. Huyu anapeleka merikebu zake zikwame mwambani, yule anaziacha zielee. Watu madirishani walizomea. Mimi peke yangu, niliyesikia amri za pande zote mbili, nilielewa kwamba hawa wawili walikuwa wakishindana kushindwa.

Mzee aliniambia kwa kunong'ona kwamba Boke ikienda Susuni haina adui, na merikebu isiyo na adui ni kiota cha kuku. Afadhali ibaki kwa Mama Felista. Mama Felista naye aliniambia kwamba ni aibu mtu atumikie shule miaka yote hiyo, arudi kwao na mfuko wa patasi tu. Nikamhurumia huyu, nikamhurumia na yule. Ilikuwa saa nane mchana, mpishi yuko vitani, na harufu ya maharage yanayoungua inakuja. Njaa ikaniamulia. Mzee aliamuru Boke isogee shibiri moja. Niliisukuma mbili na nusu. Ikaipiga ubavuni merikebu kuu ya Mwajemi, ambayo ikizama vita vimekwisha, karakana ikalipuka kwa vigelegele.

Wala hakuna aliyelalamika. Angelalamikaje, bila kukiri hila yake mwenyewe? Mzee aliifunga Boke kwa lile blanketi akaondoka bila kutabasamu. Tangu siku hiyo mboga imetiwa chumvi mara mbili, na Jumamosi karakana iko kimya. Mimi nakaa ofisini nasikia ule ukimya, na unaniuma.

Kwa hiyo nakiri mbele ya watumishi wote: ushindi pekee wa Mzee Waitara ni wa wizi, na mwizi ni mimi. Nimefungua daftari la sheria aliloliandika mwenyewe. Sheria ya saba inasema vita vikiharibiwa na mtu wa katikati, matokeo yanafutwa, na vita vitarudiwa Jumamosi inayofuata hila kujulikana. Hila imejulikana leo. Jumamosi inayofuata ni tarehe 3 Januari.

Mzee Waitara, tunakushukuru kwa kila ubao, kila msumari na kila kelele. Mungu akupe afya, mashamba yenye mtama na wajukuu wenye makelele. Pumzika siku mbili. Siku ya tatu panda lori la asubuhi, na Boke uje nayo. Blanketi rudisha pia, ni la bweni. Mama Felista, niliyemwambia leo asubuhi, ameshaniletea maharage ya kuhesabu, na safari hii anasema hatakuonea huruma.

Simoni Heche, Karani