Chokaa wa Karakana na Mechi Sita Bila Mpira

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtu aliyecheza mechi sita bila kugusa mpira. Narudia, maana najua kuna mtu alikuwa anakoroga chai. Mechi sita, na mpira hakuugusa hata mara moja. Na zote alifungwa, tatu bila.

Watu walimwita Chokaa. Jina la nyumbani alikuwa nalo, lakini lilikuwa limelala siku nyingi, na familia imesema tusiliamshe. Alikuwa mpaka rangi kwenye karakana ya mabasi, akiandika namba ubavuni mwa magari. Saa za kazi zikiisha alichukua ndoo ya chokaa akavuka barabara kwenda uwanjani, kuchora mistari ya timu ya Karakana. Wapo wanaoapa kwamba siafu walikuwa wanafuata mstari wake kwa foleni. Kuna mlevi mmoja aliufuata akafika nyumbani salama, na nyumba yake haikuwa hata upande huo. Mimi nawapa nilivyopewa. Chumvi ikizidi, mlaumuni aliyepika.

Sasa hii Karakana, wasikilizaji, haikuwa na ligi. Ligi ilitaka uwanja wenye uzio na vyumba viwili vya kuvalia. Wao walikuwa na chumba kimoja, na ndani yake mlikuwa na matairi. Kwa hiyo walibaki na shindano moja tu lililowapokea, Kombe la Mkoa. Mara moja kwa mwaka. Mara nyingi walitolewa raundi ya kwanza, wakarudi kazini Jumatatu wakikaza nati kwa hasira.

Mwaka mmoja mambo yakageuka. Ni miaka thelathini na moja iliyopita. Karakana walishinda raundi ya kwanza. Wakashinda ya pili. Mshambuliaji wao alikuwa dereva wa lori, na kabla ya kukata kona alitoa mkono nje kama yuko barabarani, lakini hakuna beki aliyethubutu kumziba njia. Na golini alikuwepo Sinia.

Sinia ni seremala. Mikono yake, wanasema, akikupungia, kuku wanaingia bandani wakidhani giza limeingia. Robo fainali alidaka penalti tatu. Yeye na Chokaa walikuwa chanda na pete. Nyumba zao zimetenganishwa na nyumba mbili tu. Shikeni hilo wasikilizaji, nitalirudia: nyumba mbili tu.

Ikaja nusu fainali, nyumbani, kwenye uwanja wao. Watu walijaa hadi wa nyuma wakawa wanaangalia mechi kwa masikio. Dakika tisini, hakuna bao. Zikaja penalti. Karakana wote wakashusha pumzi, maana penalti kwa Sinia ilikuwa kama kumpelekea samaki maji.

Zikaingia tano. Sinia hakugusa hata moja. Karakana walikosa moja, na safari ikaishia hapo.

Jumatatu yake, kule karakana, mtu akasema Sinia ana matundu. Jumanne wakambadilisha jina wakamwita Chujio. Jina baya halihitaji mguu, linatembea lenyewe. Likafika sokoni, likafika kwa wateja wake, likafika kwa wanawe. Sinia alitundika glavu msumarini na hakuzishusha tena.

Chokaa aliyasikia yote hayo.

Baada ya mechi ile aliacha kupima uwanja kwa hatua za miguu. Alichonga fimbo ya mita moja kamili, na kila mwaka akailaza chini mara kumi na moja, akipiga magoti kila mara, kutoka mstari wa goli mpaka alama ya penalti. Watu wakasema mzee ameendelea. Na akaacha kwenda kwa Sinia. Wakikutana njiani waliulizana habari za nyumbani, kila mmoja akajibu nzuri, wakapishana. Nyumba mbili tu.

Miaka ikaenda. Karakana ikafungwa, mlango ukatiwa mnyororo. Mafundi wakatawanyika kutafuta riziki. Mke wa Chokaa akatangulia mbele ya haki. Bintiye wa pekee ni mwalimu wa hesabu, na kazi ilimpeleka mji mwingine. Timu ikapungua mmoja mmoja, hadi mwaka mmoja siku ya mechi ikafika na uwanjani hakutokea hata mchezaji mmoja. Kwenye daftari la Kombe la Mkoa likaandikwa neno moja: Hawakufika.

Na kombe hilo lina sheria yake. Ukikosa kufika miaka miwili mfululizo, jina lako linafutwa. Lakini ukifika pungufu, hata mtu mmoja, mechi haichezwi, unahesabiwa umefungwa tatu bila, na jina linabaki. Wengi hawakuijua sheria hiyo. Chokaa aliijua kama anavyojua kiganja chake.

Mwaka uliofuata alichora mistari yote peke yake, siku mbili nzima. Akavaa jezi. Akasimama katikati ya uwanja. Wageni kumi na moja upande ule, yeye upande huu. Refa akamwuliza wenzake wako wapi. Akasema wanakuja. Refa akauliza lini.

"Wewe andika nimefika," Chokaa akasema.

Refa akapuliza kipenga, akaandika. Wageni wakapanda basi lao. Chokaa akabaki kukunja nyavu.

Alifanya hivyo miaka sita, wasikilizaji. Mwaka mmoja mvua ilinyesha mistari ikafutika, na bado alisimama. Mwaka mwingine vijana wa timu ngeni walimcheka, wakamwuliza babu, kwenye benchi una nani? Akawajibu kwamba benchi lake limejaa, ni wao tu hawalioni.

Bintiye alikuja studio kutusimulia. Anasema kila mwaka, wiki moja kabla ya mechi, baba yake alifua jezi zote kumi na moja, ingawa angevaa moja. Aliziweka kambani kwa mpangilio. Ile ya kijani, ya kipa, aliianika mwisho, pembeni kabisa, mahali inapoonekana kutoka dirisha la Sinia seremala. Binti akamwuliza, baba, za kazi gani zote hizi?

"Akaniambia, huwezi kujua, mwanangu," anasema. "Kisha akawa anatazama kule kwa seremala."

Mwezi uliopita Chokaa alilala kitandani, na safari hii hakuinuka. Binti akaja. Na ndipo, kwa mara ya kwanza, baba akamwambia. Siku tatu kabla ya nusu fainali ile alikuwa amekanyaga msumari. Alipima penalti kwa hatua kumi na mbili kama kawaida yake, lakini alikuwa anachechemea, na hatua ya mguu mbovu ni fupi. Alama ya penalti ikasogea karibu na goli, pungufu karibu mita nzima. Refa alikagua nyavu, akakagua mipira. Alama hakuipima. Nani angempima Chokaa? Yeye mwenyewe aliligundua kosa asubuhi ya siku iliyofuata mechi. Alikusudia kusema Jumatatu. Jumatatu wakaanza kucheka, ulimi ukawa mzito, na kila siku iliyopita ikauongezea uzito.

"Mwambie Sinia haikuwa mikono yake," akamwambia bintiye. "Na timu isifutwe kabla hajaambiwa."

Siku mbili baadaye akafariki. Tukamzika Alhamisi. Na Jumamosi hiyohiyo, wasikilizaji wapendwa, ndiyo ilikuwa siku ya mechi.

Jioni ya mazishi binti alikwenda nyumba ya tatu. Akamkuta Sinia amekaa kwenye meza yake ya kazi, randa mkononi, mbao hakuna. Akamwambia baba mdogo, nimeagizwa. Akampa ujumbe wote, kuanzia msumari.

Sinia alifuta vumbi kwenye randa. Kisha akasema, "Nilijua."

Binti akadhani hakusikia vizuri.

"Mimi niliishi ndani ya lile boksi, mwanangu. Likipungua hatua moja nisijue? Nilijua kabla penalti ya kwanza haijapigwa."

Akamwuliza, sasa mbona hukusema?

"Wangemnyang'anya ile ndoo. Mimi nilikuwa na useremala wangu. Yeye alikuwa na chokaa tu." Akaiweka randa chini. "Nikasema atakuja mwenyewe. Atakuja aniambie, tucheke, yaishe. Nikamngoja."

Miaka thelathini na moja. Mmoja akianika jezi, mwingine akiiangalia dirishani. Huyu anangoja aitwe, yule anangoja afuatwe. Na katikati yao nyumba mbili tu.

Jumamosi binti alichora mistari. Mwalimu wa hesabu, fimbo ya baba mkononi, akailaza mara kumi na moja. Saa kumi wageni wakafika. Akatokea mzee wa miaka sitini na tisa, amevaa jezi ya kijani iliyombana tumboni, glavu mkononi zimekauka kama magome. Akasimama katikati. Refa akamwuliza wako wangapi. Akasema leo ni mmoja, mwingine ametangulia. Refa akapuliza, akaandika.

Mzee hakuondoka. Alichovya kidole kwenye ndoo, akaenda kwenye boksi, akaweka alama nyingine, hatua moja mbele ya ile ya binti. Akamwomba nahodha wa wageni ampigie penalti moja kutokea pale. Kijana akamwambia, mzee, hapa ni karibu mno. Akamjibu, najua, we piga.

Kijana akapiga. Sinia akaruka, kama neno kuruka linaruhusiwa. Mpira ukampita mkono kwa upana wa ganda la yai, ukalala wavuni.

Sinia akaanza kucheka. Alicheka pale chini alipoanguka, mpaka machozi. Akageuka kule kwenye mstari, mahali Chokaa alipozoea kusimama na ndoo yake, akasema, "Si unaona?"

Ndoo ilikuwepo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki, tunampa pole bintiye mwalimu, pamoja na wajukuu na ndugu wote. Na pole ya pili tunampa seremala wa nyumba ya tatu, ambaye kwenye orodha ya wafiwa hakuandikwa. Daftari la Kombe la Mkoa mwaka huu linasomeka hivi: Karakana, walifika.

Nawaombeni jambo moja kabla sijaweka muziki. Kila mmoja ahesabu nyumba, kutoka mlango wake mpaka kwa yule anayemngojea. Akishahesabu, azime redio. Sisi hatutakasirika.