Masale Yako Mlangoni

Ndugu Katibu Kata wa Chama, Ndugu Mkaguzi wa Shule, Baba Mchungaji, Ndugu Dilip, uliyepandisha mashine yako ya sinema kutoka Moshi mjini kwa barabara ile ya matope, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi watoto mliokaa chini hapo mbele na bado mnacheka. Wazee wangu, shikamooni. Wengine, hamjambo.

Mmesema mnaniaga kwa heshima ninapostaafu. Heshima gani hii, ya kumwonyesha kwenye sinema mtu mzima akimkimbiza mtoto kihambani, katikati ya migomba ya nyumbani kwake, hadi anadumbukia mferejini? Mimi Efraimu nimefundisha hesabu tangu mwaka wa Uhuru, lakini ninajulikana kwa kuanguka!

Watu wa sinema walipotujia mwaka wa Azimio, walitaka mwalimu mkali na mwanafunzi mtundu. Ukali wakanipa mimi. Utundu wa Eliufoo haukufundishwa na mtu. Mmemwona: anaiba mapera yangu, ninamkamata, naye ananinyooshea jani la isale. Mchagga akiombwa radhi kwa isale atafanya nini? Nikamsamehe. Kesho yake anarudi kuiba, na jani tayari liko mfukoni! Loo, mtoto yule! Leo ni baba mwenye watoto, yuko Tanga kiwandani, lakini hapa kwenye shuka bado amevaa kaptula iliyotatuka.

Ila niwaambie ukweli. Ninyi mlipomtazama Eliufoo, mimi nilimtazama mama aliyesimama mlango wa jikoni na ndoo ya maziwa. Ni marehemu mke wangu, Elinipendo. Aliambiwa asicheke, akacheka. Leo nimemwona tena, kidogo tu, mashine ikapita. Ndugu Dilip, nilitaka kukuomba uirudishe pale, nikaona haya mbele ya watu.

Nyumbani niko peke yangu. Kitinda mimba wangu Filbert, ambaye kwa desturi yetu ndiye wa kubaki kihambani, yuko Dar es Salaam. Simlaumu, kazi ni kazi. Nanyi wazazi, kwa wema wenu, mmewakanya watoto: "Msimsumbue Mwalimu, amefiwa." Huu ni mwaka wa pili, jamani! Mapera yanaiva, yanaanguka, yanaoza, na mimi niko ndani ninayasikiliza. Ni upweke, ndugu zangu, sina jina lingine la kuupa. Nani aliwaambia kwamba mzee anapenda kimya?

Kwa blanketi mlilonipa, ninashukuru sana, baridi ya huku mnaijua. Lakini ninaomba zawadi nyingine. Watoto, nisikilizeni, na wazazi wenu wasiwazuie: kesho mkitoka shule, njooni muibe. Nitawakimbiza, ingawa goti hili limekwisha. Nitafoka mpaka mama zenu wasikie. Msiogope. Masale yako mlangoni kwangu, mabichi, tele. Chumeni jani mnapoingia, na kesi imekwisha.

Asanteni kwa kunisikiliza, na kwa kunicheka. Kesho nitakaa ndani, nijifanye sisikii.